Upepo Niliousoma Kinyume

Nilikuwa katika mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili ya uhandisi, na tasnifu yangu ilihusu mwendo wa maji ya chini katika ghuba ya Kisumu, yale yanayobeba tope. Miaka hiyo ya mwanzo wa tisini kompyuta ilikuwa moja tu idarani, Nairobi. Nikapiga hesabu huko, kisha nikarudi kwa wazazi wangu Kaloleni, mjini Kisumu, kuandika.

Mhandisi mmoja wa maji, jirani wa zamani aliyehamia Milimani, aliposikia, aliomba nakala ya ramani zangu za mikondo. Alikuwa anatafuta mahali pa kuweka bomba jipya la kuvutia maji ya mji, mbali na tope. Nilimpa kwa fahari.

Wiki tatu kabla ya kuwasilisha, nilimtembelea shangazi Asembo Bay. Nilimkuta ufuoni na muuza samaki mwenzake, wakisubiri mashua. Nikawaambia, kwa majivuno kidogo, kwamba mchana maji ya chini huenda upande wa mjini.

Yule mama, mwenzake shangazi, alinitazama. “Nani alikuambia? Upepo ya mchana inatoka huko ziwani, inasukuma maji ya juu huku. Wavu ya chini inavutwa kurudi huko huko. Uliza hawa wavuvi wote.”

“Labda siku nyingine, Mama.”

“Kila siku, nyathina, mtoto wangu. Kila siku.”

Niliporudi nyumbani nilifungua takwimu za hali ya hewa. Safu ya upepo ilisema “magharibi”, nami nilikuwa nimeingiza upepo unaokwenda magharibi. Watu wa hali ya hewa huandika upepo unakotoka. Mimi, niliyezaliwa Kisumu, niliyepulizwa usoni na upepo huo kila alasiri ya utoto wangu, nilikuwa nimeugeuza. Milinganyo haikuwa na kosa. Ramani zote arobaini zilikuwa kinyume.

Siku mbili sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba msimamizi hatagundua, halafu nikaliona lile bomba likivuta maji machafu, na watu wa mtaa wetu wakiyanywa.

Jumapili baada ya kanisa nilipanda Milimani kwa miguu. Mhandisi alikuwa anaosha gari lake.

“Zile ramani,” nikasema, “usizitumie. Nimekosea mwelekeo wa upepo.”

Alifunga mfereji. “Zote?”

“Zote.”

Akakamua kitambaa, akakitupa ndooni. “Ripoti yangu inachapwa kesho,” alisema. “Nitaizuia. Lakini niletee zilizo sahihi, na safari hii uende majini upime.”

Kesho yake nilimpigia msimamizi simu kutoka posta. Alinisikiliza, akauliza nimejuaje. Nikamweleza habari ya nyavu.

“Ungenyamaza, nisingejua,” alisema.

Maneno hayo yalinitia hofu kuliko kama angenifokea.

Nilichelewa kuhitimu mwaka mzima. Wenzangu walivaa majoho nikiwa Asembo, ndani ya mashua, nikiteremsha madebe yaliyofungwa mawe na kamba yenye boya, na kuandika yanakoelekea. Yalikwenda nje, mbali na mji, alivyosema yule mama. Mtihani wa mdomo niliupita, karatasi za vipimo vya madebe zikiwa mezani mbele ya watahini.