Nilivyowasomea Ndege

Jana jirani alipika mchele mpya wa Mohoro, kijijini kwetu. Harufu ilipoingia chumbani kwangu, nikajikuta nimefungua mdomo kama mtu anayetaka kupiga kelele.

Miaka hiyo, kijijini, nilikuwa darasa la pili. Asiyeweza kusoma kwa sauti mbele ya mwalimu angerudia darasa, na mimi kila nikisimama sauti iliishia kooni. Halafu mpunga ukaiva, bibi akanipandisha dunguni, kile kibanda cha miti mirefu katikati ya shamba, nifukuze ndege. Shule nikaikosa wiki nzima.

Mwalimu akanifuata huko huko, suruali kaikunja hadi magotini, miguu yote matope. Alinisikia nikiwapigia ndege kelele kabla hajaniona.

"Kumbe sauti unayo! Darasani huwa unaiacha wapi?"

Akanirushia kitabu. "Haya, soma sasa hivi, la sivyo unarudia."

Nikakifungua. Nikakiinamia, neno halitoki.

"Ndege hao!" bibi akafoka kutoka chini. "Wanamaliza mpunga, wewe umeinama tu!"

Basi nikawasomea ndege. "BABA ANALIMA! MAMA ANAPIKA UJI!" Kundi zima likaruka, likavuka mto. Nilisoma ukurasa mpaka mwisho.

Mwalimu alicheka mpaka akashika nguzo ya dungu. Akaniambia nimefaulu, kisha akanyoosha mkono nimrudishie kitabu.

"Ngoja, mwalimu," bibi akamzuia. "Debe nimeligonga wiki nzima, hawajakimbia hivyo. Hicho kitabu kiache hapa mpaka tuvune."