Mboni Mlangoni kwa Luhende

Mboni binti Mfaume, mkaanga vitumbua wa Mtaa wa Sikukuu na balozi wa nyumba kumi, alikwenda ofisi ya tawi jioni ile kwa sababu mabalozi wote walitakiwa kuhudhuria. Vijana wa chuo walileta sinema fupi ya Waingereza, ya mwaka hamsini na mbili, wananchi wajadili jinsi mkoloni alivyowachora Waafrika. Shuka jeupe likatundikwa ukutani, taa zikazimwa.

Haikuchukua muda akajiona. Msichana amelala chali kizingitini, uso umejaa majivu, na jua limeshapanda. Sauti ya sinema, kwa Kiswahili cha kubana pua, ikasema huyo ndiye mwanamke wa Kariakoo: mvivu, mchafu, hafagii hata mlango wake. Majirani wakageuka kumtazama balozi wao. Damu ikamchemka.

Taa zilipowashwa, Theophil, kijana msomi kutoka Moshi, akaanza kuchambua. Alisema vizuri kuhusu dharau ya mkoloni, na hapo Mboni aliitikia kwa kichwa. Kisha akaharibu. Alisema wanawake kama yule walinunuliwa kwa senti chache wajidhalilishe mbele ya kamera, na kwamba vibaraka wa aina hiyo wasipewe uongozi wowote. Hakujua anamsema nani, lakini kutojua kwake hakukumpunguzia Mboni uchungu hata chembe. Mkoloni kamwita mchafu, huyu wa kwetu anamwita kibaraka, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza jina!

Akasimama.

"Mwanangu, yule ni mimi. Na mlango ule si wangu."

Akaeleza. Mlango ulikuwa wa mzee Luhende, jirani yake Mnyamwezi, aliyefariki usiku wa kuamkia siku ile ya kupigwa picha. Mboni ni Mzaramo, mtani wake, na msibani mtani ana kazi yake. Alijipaka majivu, akalala mlangoni kuzuia maiti isitoke mpaka wafiwa watoe chochote na wacheke kidogo katikati ya kilio. Ndipo Mzungu akatokea na kamera. Walidhani amekuja kuhani, wakampisha, wakampa na kiti.

Theophil akainamisha macho. Alisema kwao maiti haizuiwi, hakujua. Basi sinema ichomwe, yaishe. Mboni akakataa katakata. Ikichomwa, wote waliokwisha kuiona watabaki na yule mvivu vichwani mwao. Akamwambia Pius, mwendesha mashine, airudie bila sauti.

Safari hii alisimama kando ya shuka, akasimulia mwenyewe. Alipotokea msichana wa majivu, Mboni alinyoosha kidole nyuma yake, kwenye giza la ukumbi wa nyumba, ilikoonekana miguu ya wanaume na ncha ya jeneza. Mara ya kwanza watu wote waliitazama picha hiyohiyo na hakuna aliyeliona.

"Huyo ni Luhende anatoka," alisema. "Msiba wa mtu, wakaufanya somo la kufagia."