Taratibu na Gari la Rangi ya Chungwa

Nilipohamia chumba cha uani, kitu cha kwanza nilichokiona kwa mwenye nyumba wangu kilikuwa glavu zake. Glavu nyeupe, zimebanwa kwenye kamba kati ya mashati na taulo, safi kuliko kitu chochote katika ua ule. Nikadhani ni mhudumu wa hoteli kubwa. Kumbe alikuwa dereva wa gari la maiti katika kampuni ya mazishi. Wenzake walimwita Taratibu, kwa sababu hakuna aliyeweza kama yeye kuliongoza gari kwa mwendo wa waombolezaji wanaotembea, bila breki kushtuka wala shada la maua kuanguka.

Jina hilo alilichukia.

"Msomi," aliniambia jioni moja, maana ndivyo alivyoniita tangu aliposikia nina shahada, "mimi maisha yangu yote ni gia ya kwanza na ya pili. Ya tatu naisikia kwa watu."

Alichokitaka ni gari la turbo, la kuwaacha wengine kwenye vumbi. Sababu ilikuwa binti yake wa pekee. Siku moja, binti akiwa shule ya msingi, mvua kubwa ilinyesha, na baba akaenda kumchukua kwa gari la kazini. Wanafunzi wenzake wakamwona akipanda. Kuanzia kesho yake akawa Binti Jeneza, na jina likamfuata hadi sekondari. Mvua inyeshe, jua liwake, hakupanda tena gari analoendesha baba yake. Taratibu akaapa kwamba atakuja kumpitia mwanawe kwa gari la kuwafunga watu midomo.

Alidunduliza miaka mingi. Mshahara uliishia kwenye chakula na karo, hivyo alichoweka akiba ni bahasha ambazo wafiwa walimtia mkononi baada ya maziko. Mwezi wa vifo vingi ndio uliokuwa mwezi mzuri, naye alijichukia kwa kulijua hilo.

"Leo unatabasamu, mume wangu," mkewe alimtania. "Nani kafa?"

Yeye hakucheka.

Alipolipata gari, binti alikuwa mtu mzima, mhudumu katika duka la dawa, amepanga upande wa pili wa mji. Waliomcheka shuleni walikuwa wametawanyika zamani. Hapakuwa na wa kufungwa mdomo. Lakini gari lilikuja: la mtumba, milango miwili, rangi ya chungwa, limelala chini kama mjusi anayeota jua. Likiwashwa, dirisha langu lilitetemeka.

Jumamosi binti akaja kulipanda. Mimi nilipewa kiti cha nyuma, magoti yakafika kidevuni.

Tukatoka. Injini ilinguruma kwa hasira, gari likatambaa. Sidhani kama Taratibu alijua. Alikaa wima, macho mbele, mguu umegusa mafuta kama mtu anayekanyaga yai. Magari yaliyokuwa nyuma yetu hayakupiga honi. Yaliwasha taa, yakajipanga. Tulipofika kwenye duka la mtaani, wanaume waliokuwa wakicheza drafti wakasimama. Mmoja akavua kofia. Mwenye duka akazima redio.

"Jamani, nani tena?" akauliza mama mmoja mwenye kikapu.

"Hakuna mtu!" Taratibu akafoka dirishani. "Ni mimi! Gari langu hili!"

"Pole sana, baba," akajibu yule mama kwa huruma ya kweli.

Binti alikuwa ametazama magoti yake.

"Baba, nishushe hapa."

"Mwanangu, hata barabara kubwa hatujafika."

"Nishushe, baba. Tafadhali."

Akashuka, akaondoka kwa miguu.

Tangu siku hiyo Taratibu hunichukua alfajiri, barabara ikiwa tupu, kujifunza kwenda kasi. Mkewe hutusindikiza na kejeli mlangoni: "Msomi, huko chuoni hawakuwafundisha kukanyaga mafuta? Mfundishe huyu!" Lakini kila sindano ya spidi ikianza kupanda, mguu wa Taratibu hujiinua wenyewe.

"Nikikanyaga," aliniambia juzi, uso umelowa jasho, "nasikia kitu kinateleza nyuma."

"Nyuma nipo mimi tu, mzee."

"Najua."

Nje ya mji kuna uwanja wa ndege wa zamani ambako wenye magari ya kasi huruhusiwa kushindana Jumapili moja kila mwezi. Huko hakuna duka, hakuna wapita njia, na hakuna anayemjua. Amempigia binti simu kumwomba aje akae pembeni yake, mara moja tu. Binti akajibu, "Nitaangalia, baba." Yeye amelichukua jibu hilo kama ndiyo.

Jumapili yenyewe ni keshokutwa. Amekwisha nunua kofia ngumu mbili, moja ameijaribisha kichwani mwa mkewe kwa kuwa mama na binti wamelingana vichwa, na kila simu ikilia hutoka uani mbio ili aipokee yeye.