Waya wa Kuzimia

Siku yangu ya kwanza ya ukaguzi kwenye mashindano ya mbio za magari ya dizeli, Mkaguzi Mkuu hakunisalimia. Alinipeleka mpaka kwenye pikapu iliyokuwa inanguruma, akasema, "Zima." Nikapeleka mkono kwenye ufunguo. Akaupiga kofi mkono wangu.

"Ufunguo ni wa injini yenye akili timamu," alisema. "Hapa tunajifunza kuzima iliyopagawa."

Nilikuwa fundi wa mabasi, naishi Kilburn, na nilijiona najua dizeli kama ninavyojua njia ya chooni kwangu. Lo! Sikujua kitu. Injini ya petroli ukiikatia umeme inakufa. Ya dizeli haihitaji cheche. Turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa, ikivujisha oili, injini inainywa oili hiyo hiyo na kupiga kelele mpaka ijipasue, ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Dawa yake ni kuinyima hewa. Ndiyo maana kila gari la mbio lina kifuniko mdomoni mwa turbo, na waya wa kukifunga, karibu na mkono wa dereva. Kazi ya mkaguzi ni kuuvuta waya huo mwenyewe, injini ikiwa inanguruma na dereva akiwa amejifunga mikanda.

Siku hiyo, kwenye uwanja wa zamani wa ndege nje kidogo ya London, yalikuja magari saba. Madaraja yalikuwa mawili tu: pikapu za mtaani zenye turbo ya kiwandani, na zilizobaki. Tulimaliza kabla ya chai. Miaka ikapita, watu wakaonja utamu. Wakaja mafundi, madereva wa malori, manesi. Madaraja yakawa matano: hili tunapima upana wa mdomo wa turbo, lile tunapima uzito pamoja na dereva, lile la juu kabisa tunadai kizimba cha chuma kuzunguka kiti. Nyinyi vijana mnaokagua leo na vishikwambi vyenu mnadhani kanuni zimeshuka kutoka mbinguni. Kila kifungu kilizaliwa na mtu aliyeumia.

Kifungu cha pini mnakijua: ncha ya waya wa kuzimia lazima ifungwe kwa pini. Nitawaambia kilikotoka, maana nimenyamaza vya kutosha.

Alikuwepo dada mmoja Mkongo, Furaha, mhudumu wa wazee kule Stratford. Alikuwa na pikapu nyekundu, na akicheka unamsikia kutoka mwisho wa foleni. Aliniita Papa Mrisho; kwao papa ni baba. Jumamosi moja foleni ilifika mpaka barabarani. Mkurugenzi wa Mashindano alinijia amefura. "Mrisho, magari unayoyafahamu yatazame kwa macho tu. Tutakesha hapa?"

Gari lililofuata lilikuwa la Furaha. "Papa, si unanijua?" alisema. "Achana na waya leo, wananiita kwenye mstari."

Nikatia alama ya vema kwenye fomu. Nikampungia mkono. Sikuvuta.

Alipovuka mstari wa mwisho injini ilipagawa. Moshi mweupe ulifunika njia nzima, na ndani yake mlikuwa na mlio ambao sijausikia tena kwa injini yoyote. Nilikimbia. Alikuwa amezima ufunguo. Alikuwa amevuta waya, nao ulikuwa mkononi mwake wote, mrefu, umechomoka kwenye kifuniko. Kabla sijamfikia injini ikapasuka, vyuma vikapenya mpaka kwenye kiti. Alikaa hospitali siku tisa, kisha akafariki.

Kamati iliniuliza swali moja: "Ulivuta waya injini ikiwa inanguruma?"

Nikasema, "Nilivuta."

Basi wakaamua kwamba waya ulichomoka njiani kwa mtikisiko, wakaandika kifungu cha pini. Kifungu kizuri, kimeokoa watu. Kimezaliwa na uongo wangu.

Miaka mitatu baadaye pikapu ile nyekundu ilirudi, injini mpya, bodi ile ile. Aliyeiendesha alikuwa Neema, binti wa Furaha. Vibanda vya ukaguzi vilikuwa vinne, akaja changu. Nikamsalimu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, macho hayabanduki usoni kwangu. Nikavuta waya. Kifuniko kikalia ta! Injini ikaendelea kunguruma, kama mtu anayevuta pumzi mara moja zaidi, ndipo ikazimika.

Nikakagua kifuniko. Hakipitishi hata uzi. Nikamwita Mkaguzi Mkuu, wakati huo alikuwa mama mmoja mkali kama pilipili, akavuta yeye. Injini ikafa papo hapo. "Mrisho, umechoka," akaniambia.

Msimu uliofuata Neema akaja tena kibandani kwangu. Nilivuta, nikahesabu pumzi tatu. Mwaka wa tatu zikawa tano. Injini isiyo na hewa, jamani! Wenzangu wakivuta, inazimika. Nikivuta mimi, inabaki inanguruma taratibu, na yule binti ananitazama. Niliogopa, wallahi. Ikikaribia siku ya mashindano nilikuwa sipati usingizi.

Siku yangu ya mwisho kazini kulikuwa na ukungu mchana kutwa. Ile nyekundu ikatokea ndani ya ukungu, ikasimama kwangu. Nikavuta. Ta! Nikahesabu pumzi tano, saba, tisa. Haizimiki. Kumi na moja. Waya nimeushika vile vile. Nikainama dirishani.

"Sikuvuta," nikasema. "Siku ile ya mama yako, sikuvuta. Kamati niliidanganya."

Injini ikazimika.

Neema akavua helmeti. Kwa mara ya kwanza akaniambia kwa Kiswahili, kile cha mama yake.

"Mama alisemaka. Kule hospitali. Alisemaka, Papa Mrisho hakuvuta, mimi ndiye nilimuomba."

"Ulijua miaka yote hii?"

"Nilikuwa nangoja wewe useme."

Nililia pale pale, mtu mzima na sare yangu. Hakunifariji, na sikustahili. Akawasha injini upya, akafunga mikanda. "Vuta tena, Papa," akasema.

Nikavuta. Ikafa papo hapo.

Jioni ile nilimwandikia Mkurugenzi barua, nikaeleza yote. Jina langu limeondolewa kwenye ubao wa wakaguzi wa heshima, na sina kinyongo. Kifungu cha pini kimebaki. Siku hizi nakaa Kilburn, dirisha langu liko juu ya kituo cha basi. Basi likizima injini pale chini, mkono wangu wa kulia hujifumba wenyewe, nami najikuta nahesabu.

Kila baada ya mashindano simu yangu inalia. Ni Neema. Hana maneno mengi. "Papa," ananiambia, "imezimika."