Lami ya Baba Mdogo

Harufu ya lami ikichemka siivumilii mpaka leo. Barabara ikitengenezwa hapa Bariadi mimi huzunguka njia ya mbali, na anayetaka kucheka acheke. Kwetu lami ilikuwa dawa ya kila kinachovuja: tundu la msumari kwenye bati, ndoo, pipa la maji. Basi bomba la moshi la mashine yetu ya kusaga lilipoanza kuvuja kwenye maungio, kule nje ya ukuta, baba mdogo alibandika kopo la lami jikoni kwa mama. Baba alikuwa ameshafariki, na huyu mdogo wake akajifanya mkuu wa mji. Debe tupu haliachi kuvuma.

Huo ulikuwa msimu wa kwanza wa wanunuzi binafsi. Zamani pamba ilikwenda moja kwa moja kwenye ghala la ushirika. Sasa watu waliilimbikiza nyumbani wakisubiri bei nono. Baba mdogo aliirundika pamba ya mama chini ya bomba lile lile, eti pale chini ya upenu mvua haifiki. Pamba hiyo ndiyo ingenipeleka sekondari. Katika darasa letu msichana aliyefaulu nilikuwa mimi peke yangu. Mama, aliyeiendesha mashine siku zote, alimwambia kwa heshima: "Shemeji, bomba likipata moto linatanuka, likipoa linasinyaa. Lami itayeyuka. Mafundi wa malori kule Lamadi wana gundi nyekundu, haiogopi moto, na ikikauka inanyumbuka kama mpira. Tuagize hiyo." Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. "Lami inabeba malori juani, ishindwe na kibomba? Mwanamke na bomba wapi na wapi!"

Akaipaka. Kesho yake foleni ya mahindi ilikuwa ndefu, mashine ikaunguruma bila kupumzika, jua nalo halikuwa na huruma. Bomba lilipowaka, lami ikalegea, cheche zikapenya kwenye maungio, matone yakadondoka yakiwaka juu ya pamba. Moto wa pamba hauna makelele, unakula ndani kwa ndani. Tulipoona moshi, katikati kulishakuwa kweusi. Mama aliichota kwa mikono yake mitupu, akimlilia mama yake kwa Kisukuma: "Mayu wane! Mayu wane!" Baba mdogo akasema tumelogwa. Tumelogwa! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye hakusikia la mama, na guu lililovunjika likawa langu. Kabla ya mvua za kwanza aliniambia shule imeungua, akapokea ng'ombe, nikaolewa. Nilikuwa mtoto.

Siku hizi gundi nyekundu ile imejaa kwenye maduka ya vipuri, na binti yangu wa mwisho yuko kidato cha tatu, wala hakuna mwanamume wa kumfungia daftari. Mwaka jana tulimzika baba mdogo. Waombolezaji walimsifu sana kwamba alikuwa mchapakazi, tazameni zizi aliloacha. Nililitazama. Wale ni ng'ombe wangu, na watoto wao, na wajukuu wao.