Siku Nilipompakia Mama Mkwe Ndegeni

Watu huniuliza kama kuruka kulikuwa na raha. Kulikuwa kazi. Ndege yangu ilikuwa na tumbo la mtumbwi ili itue mtoni, na magurudumu matatu ya kukunja kwa mkono ili itue uwanjani, kwa hiyo iliharibika mara mbili zaidi ya ndege nyingine. Leo maji yameingia tumboni, kesho gurudumu limegoma kushuka. Niliiunda mwenyewe nyuma ya nyumba yetu Kisangani, kwa michoro na mbao alizoniachia mwalimu mmoja mgeni aliyerudi kwao bila kumaliza. Zamani nilikuwa fundi wa ndege pale Bangboka, uwanja wa ndege wa mji wetu, mpaka kampuni yetu ikapewa mkubwa mmoja wa chama, naye akaiuza kipande kwa kipande hadi viti vya ofisi. Nilipokosa ndege za wenzangu nikaanza yangu. Ilinila miaka saba.

Injini niliitoa kwenye gari dogo la Kijapani lililogonga mti. Haikuwa na pistoni. Ndani yake mlikuwa na chuma cha pembe tatu kinachozunguka, basi. Ilikuwa nyepesi, na hapo sifa zake zinaishia. Ilikunywa petroli kama mlevi, ilitaka ichanganyiwe oili humo humo kama mota za mitumbwi, na ilichemka upesi. Kila niliporudi nilikuwa nafungua, nasafisha, nafunga, huku mgongo unawaka. Mke wangu aliiita ndege hiyo mbanda, yaani mke mwenza. "Mbanda amelala salama?" aliniuliza asubuhi, kabla hajanipa chai.

Jumamosi moja nilikuwa kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka majani na kuzibua mitaro ya mtaa. Mke wangu akaja mbio, kichwa wazi.

"Papa ya batoto, bameita mu redio ya phonie kutoka Yangambi. Mama iko mubaya. Ngiri imejifunga mu tumbo. Infirmier anasema kama hawamupasue leo, kesho tutalia."

Yangambi palikuwa na huyo infirmier tu, yaani muuguzi; daktari wa kupasua hakuwapo mwezi ule. Barabara ilikuwa imekatika, pantoni imekufa, na mtumbwi wa mota kupanda mto mpaka Kisangani ungefika kesho yake. Mke wangu hakuniomba. Alinitazama tu, halafu akasema: "Miaka saba ninanyamaza. Leo ule mbanda atumike."

Mkubwa wa mtaa akanipigia kelele, kwa lile neno la chama la kumwita kila raia: "Citoyen, unaenda wapi na jembe ya watu?" Nililitupa miguuni pake nikaondoka. Nilijua nitalipia hilo, na kweli nililipia, lakini siku ile sikuwa na nguvu za heshima.

Dakika arobaini hivi angani, mto chini yangu, msitu pande zote. Nilipofika Yangambi, maji yalikuwa yamejaa yale majani ya kijani yanayoelea, tunayoyaita Kongo ya sika. Fungu lake moja likinaswa kwenye gurudumu lililokunjwa ukiwa unatua, unapinduka. Nilizunguka mara mbili nikitafuta mahali peupe, nikatua, nikajikokota hadi ukingoni. Infirmier alikuwa amesimama pale na watu wa ukoo, na mama mkwe wangu amelala kwenye machela, amejikunja, jasho linamtiririka.

Sasa nieleze jambo moja. Kwetu mama mkwe, bokilo, humkaribii. Humpi mkono, huli mbele yake, hukai naye mkeka mmoja. Tangu nioe nilikuwa nimezungumza naye kwa kupitia watu tu. Akija kwetu, mimi natokea mlango wa nyuma. Na ndege yangu, jamani, ilikuwa na viti viwili tu, bega kwa bega, na wembamba wake ni kwamba ukipumua mwenzako anajua.

Mama alikiona kiti. Maumivu yote yale, bado alikiona. Akamwambia infirmier, "Umwambie mi nitaikala kule nyuma, na mizigo."

Infirmier akanigeukia, hatua moja kutoka kwake, akarudia: "Anasema ataikala nyuma, na mizigo."

Nyuma ya viti palikuwa na nafasi ya dumu la petroli na vyombo vyangu. Mtu mzima akikaa pale, mkia unazama na pua inaangalia mbingu. Nilijua. Nilikuwa nimepima ndege ile kwa mizani ya kahawa, kilo kwa kilo, nikaandika mpaka uzito wa viatu vyangu. Lakini watu wa ukoo walikuwa wananitazama, na mdomo wangu ukasema wenyewe: "Mumwambie hakuna shida." Ujinga gani ule! Mpaka leo nikiukumbuka najiuma vidole.

Tukamweka nyuma. Nilifungua gesi yote, injini ikanguruma kwa nguvu zake zote. Ndege ililima maji pua juu, sioni mbele, povu linapiga pangaboi, na mshale wa joto unapanda mpaka kwenye rangi nyekundu. Haikunyanyuka. Nikazima, tukaelea, nikangoja injini ipoe huku mama nyuma yangu anaguna kwa meno yaliyofungwa. Nikamimina nusu ya petroli kwenye dumu la mvuvi mmoja aliyekuwa karibu, nikijidanganya kwamba tatizo ni uzito. Mara ya pili iliruka kimo cha paa la nyumba, mkia ukaning'inia, ikaanguka tumbo chini, pwaa! Mama akapiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mtu aliye hai.

Nilirudi ukingoni. Saa nzima ilikuwa imepotea, saa yake yeye, wala si yangu. Hapo hasira ikanipanda. Niligeuka nikamtazama usoni, mara ya kwanza katika ndoa yangu, nikamwambia mimi mwenyewe: "Mama, huko nyuma utakufa, na mimi nitakufa nawe. Kuja mbele."

Shangazi mmoja alijifunika macho. Mama akanitazama kidogo, akafumba macho, akasema, "Aka! Basi."

Infirmier ndiye aliyetuokoa na aibu. Alichukua kitenge cha mama, akakifunga juu kwenye mbao za paa, kikaning'inia katikati ya viti kama pazia. Mpini wa gesi ulikuwa upande wa pili, kwa hiyo nilipaswa kupitisha mkono chini ya kitenge, naye akausogeza mguu wake mbali kabisa ili nisimguse. Safari hiyo ndege ilinyanyuka vizuri, kana kwamba haikuwahi kukataa.

Kufika kwenye kona ya kwanza ya mto, mama akaanza kusema.

Nilisikia sauti tu. Bomba la kuzuia kelele nilikuwa nimelikata siku nyingi ili kupunguza uzito, na injini ile ilikuwa juu ya vichwa vyetu, inapasua masikio. Sauti yake ilipanda, ikashuka, ikanyamaza, kama anauliza na kungoja jibu. Nilidhani anaogopa. Nilidhani anasali. Kumwambia "sisikii" mama mkwe ambaye ndiyo kwanza nimemfokea, sikuweza. Nikapaza sauti kupitia kitenge: "Ndiyo, mama!" Akaendelea. Kila alipongoja nikasema ndiyo, mama, ndiyo, mama, mpaka nyumba za mjini zikaonekana. Nilitua mtoni, nikashusha magurudumu, nikapanda na ndege mchangani mpaka kwenye gari ambalo mke wangu alikuwa amelitafuta litungoje. Walimpasua jioni ile ile.

Alipona. Nilipeleka mbuzi na vitenge viwili kwa ukoo ili kuosha ile aibu, wakapokea, na heshima ikarudi mahali pake: yeye mlango wa mbele, mimi mlango wa nyuma. Aliishi miaka mingi. Ndege ilikufa kabla yake, kwa kukosa petroli, mchwa wakaimaliza. Sikuwahi kumuuliza alisema nini. Ningeuliza kwa mdomo wa nani? Kumtuma mke wangu kungekuwa kumwambia mama yake kwamba nilimdanganya huko juu.

Alipougua kwa mara ya mwisho, mke wangu alirudi kutoka kitandani kwake, akakaa karibu nami.

"Mama anauliza kama ungali unakumbuka ile neno ulikubali mu ndege."

Nikasema, "Mwambie nakumbuka. Mwambie nitafanya."

Alimwambia. Mama akashukuru, akalala, na siku ya tatu tukamzika.

"Ni neno gani?" mke wangu akaniuliza baada ya matanga. Nikamjibu kwamba hilo liko kati yangu na mama. Alilia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema hakujua nimempenda mama yake hivyo.

Tangu hapo nimesomesha watoto wa shemeji yangu mdogo, mwana wa mama aliye mlevi. Nimeezeka upya nyumba ya Yangambi. Nimelijengea kaburi la mama saruji, na dada yake kipofu anaishi kwangu, ananitukana kila asubuhi. Kila kitu ambacho mama angeweza kuomba nimekifanya au ninakifanya, na mwili umechoka. Na bado sijui kama nimelifanya lile aliloomba.