Jagi la Mama Bahati

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu niliipitisha nikiwa chali, mguu mmoja umefungwa kwenye uzito unaoning'inia ukingoni mwa kitanda, katika wodi ya wanawake ya hospitali moja hapa Bujumbura. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Pikipiki ilinigonga nikitoka nyumbani Mutanga Sud kwenda darasani, paja likavunjika. Mwanangu, nakueleza haya kwa sababu unakwenda kumuuguza bibi yako, na najua umeshafikiria chakula, shuka na sabuni. Lipo jambo moja ambalo hukulifikiria, maana hakuna anayelitaja watu wakiwa mezani.

Hospitalini kwetu kila mgonjwa huwa na mtu wake wa kumtunza, garde-malade, naye ndiye anayemlisha, anayemwogesha na kumgeuza. Wangu alikuwa shangazi yangu, aliyekuja kila asubuhi kwa basi kutoka Musaga na hakuwa na subira na upuuzi wa aina yoyote. Kitanda cha jirani alilala Mama Bahati, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, aliyevunjika nyonga alipoteleza sokoni na kapu lake kichwani. Binti zake walikuwa wamebaki Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na watoto wadogo, kwa hiyo aliyemtunza ni mwanawe Bahati, kijana mpole mwenye mikono mikubwa.

Sasa fikiri. Wanaume wa wodi ya pili walipewa chupa. Mtu anajisaidia akiwa amelala, chini ya shuka, wala hakuna anayejua. Sisi tulikuwa na beseni la chuma, baridi, la kuwekwa chini ya makalio. Mwenye nyonga iliyovunjika hawezi kujiinua. Lazima wawili wamnyanyue, na mfupa unasema. Bahati angemnyanyuaje? Kwetu mtoto wa kiume haoni uchi wa mama yake, na hata kama yeye angekubali, mama asingekubali. Wauguzi walikuwa wachache, na vitanda vingi.

Basi Mama Bahati aliacha kunywa maji. Mwanawe alimpa kikombe, yeye akangoja ageuke, kisha akakimimina polepole kwenye bakuli la kunawia mikono. Bahati akichukua kikombe kitupu alifurahi. "Mama anakunywa muzuri," alituambia. Nilimwelewa mama yule. Mimi mwenyewe nilikuwa nikionja tu maji.

Haikuchukua muda homa ikampanda. Daktari alisema ni maambukizi ya mkojo, na kwamba hawezi kumpasua nyonga mpaka homa ishuke. Mfupa ukikaa hivyo, akaongeza, huenda asitembee tena. Aliandika dawa, akaagiza maji mengi, akaenda kitanda kingine.

Shangazi alingoja koti jeupe lipite mlango.

"Mama Bahati, ile maji unamwanga. Mi naona."

"Nyamaza, mutoto atasikia."

"Asikie. Utakufa na kiu na maji iko hapa, na kule Uvira tutasema nini? Kama ulikuwa na haya?"

"Nikikunywa, nani atanibeba? Ile chuma yao ikinigusa tu, naona nyota muchana." Mama Bahati aligeuzia uso ukutani. "We uko na mutoto mwanamuke wa kutunza. Mi niko na Bahati."

Bahati alikuwa amesimama pale pale, akitazama dari kana kwamba imeandikwa kitu. Shangazi akamgeukia.

"Na we, kijana, unatumika wapi?"

"Zone Industrielle, mama. Kwenye kiwanda ya plastiki. Tunatengeneza mabeseni, ndoo, majagi."

"Majagi," alisema Shangazi. Kisha akamega tonge kubwa la bugali kutoka sahani yangu, akaanza kulifinyanga. "Mudomo iko hivi, pana, imelala. Chini ni sawasawa, isipinduke kwenye kitanda. Hapa mukono, mugonjwa ashike mwenyewe."

"Na urefu yake, mama?" aliuliza Bahati, bado akiongea na dari.

"Angalia huku. Hii ni bugali, si mama yako."

Wodi nzima ilicheka. Mama Bahati alicheka akiwa ameishika nyonga yake, akiomba tumwache, tunamuumiza. Bahati alilifunga lile tonge katika mfuko kama mtu aliyepewa dawa, akaenda nalo kiwandani.

Jagi la kwanza Shangazi alilikataa baada ya kupitisha kidole ukingoni: "Hii itakata mutu." La pili lilikuwa na ukingo uliolainishwa kwa moto na kukunjwa nje, tumbo bapa, mkono imara, hata kifuniko. Muuguzi mkuu alilichunguza, akaliosha kwa javeli, dawa ya kuua vijidudu, akasema kila mwanamke awe na lake, wasiazimane. Shangazi akatundika vitenge viwili kwenye nguzo za chandarua, akainua kidogo kichwa cha kitanda, akatoka nje ya pazia. Bahati alikwenda kusimama koridoni, mbali.

Sote tulitazama pembeni. Mmoja wetu, sijui nani, alianza kuimba wimbo wa kanisani ili kusiwe na kimya kikubwa mno.

Kisha, nyuma ya vitenge, sauti ya Mama Bahati ikaita bila haya yoyote: "Bahati, leta maji." Vitenge vilipofunguliwa, alikinywa kikombe mpaka chini, mbele yetu, akakinyoosha tena.

Homa ilishuka, akapasuliwa. Mimi nilitoka kwa magongo na yeye alikuwa tayari anajifunza kutembea, akigombana na mwanawe njia nzima ya koridoni. Jagi langu pia lilitoka mikononi mwa Bahati. Wodi ilibaki na mengine.

Kwa hiyo, mwanangu, ukifika kwa bibi yako, kabla ya kufungua chakula, inama umuulize kwa sauti ya chini anajisaidiaje, na nani anamnyanyua. Mtafutie chombo anachoweza kukishika mwenyewe. Kama kuna beseni la chuma tu, lipashe kwa maji ya moto na ulifute kwanza. Beba kitenge cha ziada kwa pazia. Usimwambie avumilie. Na ukiona hanywi, usidhani hana kiu.

Mungu akupe mikono isiyo na haraka, na macho yanayojua wakati wa kutazama pembeni. Kikombe utakachompa bibi yako kikurudie kitupu kwa sababu amekinywa.